Gata la Upande wa Chumba cha Mama

Mimi mvua ya Eldoret siipendi, na sitaki mtu aje kuniambia ati mvua ni baraka. Baraka gani inakuja mchana, kitambaa kiko mezani na mteja amesimama mlangoni akisema mtoto anafungua shule kesho? Ninashona yunifomu kwenye baraza ya nyumba ya wazazi wangu hapa Langas, na mawingu yakianza kujikusanya upande wa Timboroa mimi hukunja kila kitu, nafunika cherehani na karatasi ya nailoni, naingia ndani nikiwa nimenuna. Watu hudhani naogopa kulowa. Kulowa ni nini? Nilichokuwa naogopa miaka ile ni mlio.

Mlio wenyewe ulikuwa unaanza kabla ya matone. Upepo ukipita tu juu ya mabati, kwenye kona ya nyumba, upande wa chumba cha Mama, ile paipu ya kushusha maji ya gata, ule mfereji wa bati ukingoni mwa paa, inagonga: ko. Kimya. Ko, ko. Kimya tena. Halafu mara moja, polepole, kana kwamba anayegonga anasikiliza kwanza. Mama akiwa jikoni anainua kichwa, uso wote unafunguka. "Baba yako ameanza," anasema, na mkono ushafika kwenye sufuria ya chai.

Baba hakuwepo. Baba alikuwa amepotea.

Alikuwa mfanyabiashara mdogo wa mahindi. Msimu wa mavuno alikuwa akienda kwa wakulima wa Moi's Bridge, ananunua magunia machache, anayaleta mjini kwa pikapu ya kukodi. Asubuhi moja alivaa koti lake, akamwambia Mama asimwekee chakula cha mchana kwa sababu huenda akachelewa, akatoka. Mwenye pikapu alimngoja kwenye barabara kuu mpaka jua likawa kali, hakumwona. Mkulima naye alisema mtu wetu hakufika. Kutoka mlango wetu mpaka hiyo barabara ni mwendo wa kuchemsha yai, na ni katika mwendo huo ambapo baba yangu alipotelea.

Tulitafuta, jamani. Vituo vya polisi, wodi za hospitali, mochari za hapa, za Kitale, za Kakamega. Mimi ndiye niliyekuwa naingia mochari. Mama alibaki nje ameshika mkoba wangu. Kila nikitoka nilitikisa kichwa, na kila nikitikisa kichwa yeye alisema, "Asante Mungu." Mwanzoni na mimi nilikuwa nasema asante. Baadaye nikaanza kuingia nikiomba nimkute, nikajichukia kwa maombi hayo, na bado nikaomba. Mtu asiyewahi kumtafuta wake hawezi kuelewa kwamba kuna kuchoka kunakomfanya mtoto atamani maiti ya baba yake.

Mwanangu wakati huo alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika kiti. Sasa anasoma, ananisahihisha Kiingereza changu mbele ya wateja bila haya. Muda wote huo hatukuwa na mwili, hatukuwa na kaburi. Mama alikuwa anampigia Baba simu kila siku akimaliza kuosha vyombo. Mteja hapatikani. Kesho tena, mteja hapatikani. Mpaka siku moja simu ikaita, ikashikwa. Laini ilikuwa imeuzwa kwa mtu mwingine, mambo ya kawaida, lakini Mama atajuaje? Sauti ya kijana ikasema, "Halo, ni nani?" Mama akauliza, "Uko salama?" Yule kijana, sijui alidhani ni nyanya yake, akajibu kwa heshima, "Niko salama, Mama." Mama akakata simu, akashinda akiimba siku nzima. Mimi nilienda nyuma ya choo nikalia kwa hasira.

Sasa niseme habari ya nyumba, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa ubishi wetu ulikuwa wa nini. Nyumba yetu ni ya udongo iliyopigwa plasta ya simiti. Ukiitazama kutoka barabarani utadhani ni ya mawe. Lakini udongo ni udongo, hata ukiuvisha suti. Ukinywa maji unavimba, na ukivimba unashuka. Ndiyo maana Baba aliheshimu gata kuliko kitu chochote juu ya ile nyumba. Upepo wa Februari ukishamaliza kuangusha majani ya mti wa grevilea wa jirani, na kabla mvua za Machi hazijashika, alikuwa anatoa ngazi Jumamosi, na siku hiyo hakuna aliyemsemesha. Hakutumia fimbo. Alisema fimbo ni ya wavivu, inasukuma taka mpaka kwenye tundu la paipu na hapo umejifunga mwenyewe. Alichota majani kwa mkono, akianzia mbali na paipu akiijia. Kisha alishuka, akaitoa paipu kwenye tangi ili uchafu usiingie kwenye maji ya kunywa, akaigonga na mpini wa panga toka chini kwenda juu huku ametega sikio. Palipo wazi panalia kama debe tupu. Palipojaa panalia kizito. Mama wakati wote huo alikuwa ameshika ngazi, hata kama maziwa yanachemkia jikoni.

Na baada ya Baba kupotea, gata halikusafishwa tena. Si kwamba tulisahau. Tungesahau vipi? Kwetu magharibi mwanamke hapandi juu ya nyumba. Mwenye nyumba akiwa hai, mke wake au binti yake akipanda paa amemtangaza amekufa. Ni kama amesimama pale juu akawaambia majirani wote kwamba hapa hakuna mwanamume. Na mwanamume wa kando naye akipanda, hilo ni neno lingine kabisa. Huyo amesema ameingia mahali pa mwenyewe. Mtoto wa kiume angeweza, lakini Baba hakupata mtoto wa kiume. Alinipata mimi, na mdomo wangu. Najua kuna watakaocheka, waulize tuko karne gani. Chekeni. Hata mimi nilicheka, mpaka siku niliposimama chini ya ile ngazi.

Basi majani yakaanguka, mwaka ukaenda, mengine yakaanguka juu ya yale. Yakaoza yakawa udongo. Nyasi zikaota. Halafu, Mungu hana haraka, mahindi yakaota. Ndege walikuwa wameangusha punje, na pale juu mbele ya chumba cha Mama yakasimama mabua mawili ya mahindi, mabichi, yakipunga hewa. Jirani yetu wa duka, mama mmoja kutoka Murang'a anayependa mzaha kuliko faida, alisimama barabarani akapiga makofi. "Mama! Hilo shamba lenu la ghorofa mnalipalilia na nini?" Mimi nilicheka, nisiseme uongo. Mama hakucheka. Alikuja akasimama kando yangu, akayatazama yale mahindi kwa muda mrefu, akasema kwa sauti ndogo, "Ona. Amepanda." Nikaacha kucheka.

Ndugu yake Baba, baba yangu mdogo, alifika mwaka huo na wazee wawili. Kwetu mtu akipotea kabisa, huchukuliwa mgomba ukavikwa nguo zake, ukaliliwa na kuzikwa, ili yeye apumzike na waliobaki wapumzike. Baba mdogo alianza kwa upole, akala, akasifu kuku, kisha akalitoa neno. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Mkizika mgomba, na yeye akirudi, mtamwambia kaburi ni la nani?"

"Shemeji," akasema Baba mdogo, "asiyekuwepo na lake halipo."

"Lake lipo," Mama akamjibu. "Mimi ndiye lake. Nipo hapa."

Wazee walitazama chini. Waliondoka mapema, na Baba mdogo alipofika langoni alinishika mkono akaniambia nimchunge mama yangu, kwa sababu mtu anaweza kuishi na asiyekuwepo mpaka akamfuata.

Maji ya mvua, yakikuta gata limejaa, hayakai yakingoja. Yalirudi nyuma, yakapita chini ya mabati, yakateremka na ukuta wa chumba cha Mama. Kwanza lilitokea doa karibu na dari. Doa likashuka, likapanuka, likaota ukungu wa kijani pembeni. Plasta ikaanza kutoa tumbo. Ukiingia chumbani ulikuwa unasikia harufu ya shamba lililolimwa jana. Na kitanda cha wazazi wangu kilikuwa kimegusana na ukuta huo huo. Mama alilala upande wa nje. Upande wa ukutani ulikuwa wa Baba, na mto wake ulikuwa pale, na foronya ilifuliwa kila Jumamosi.

"Tusogeze kitanda," nilimwambia.

"Akiingia gizani atakitafuta palepale."

"Basi njoo ulale kwangu."

"Na yeye nimwache na nani?"

Jirani wa duka alijaribu na methali. "Mama, usipoziba ufa utajenga ukuta." Mama akamwambia, "Ukuta ni wangu, na ufa ni wangu," akachukua chenji yake ya unga. Huyo ndiye mama yangu. Ukimwona kanisani na kile kitambaa cheupe utadhani hajui kubishana.

Mimi nikajiona mjanja. Sheria ilisema tusipande, haikusema tusiguse. Nikafunga waya wenye ndoano kwenye ncha ya ufito mrefu, nikasimama chini kabisa, miguu yangu yote miwili kwenye udongo wa Mungu, nikaanza kukwaruza gata kutoka chini. Mama alinitazama kutoka mlangoni na hakusema kitu, maana sikuwa nimepanda. Nilivuta mahindi, nikavuta nyasi, matope yakaniingia machoni, nikafurahi. Kumbe kile nilichokuwa navuta ni kidogo, na kile nilichokuwa nasukuma ni kingi. Yote yalikwenda kwenye tundu la paipu yakashindiliwa humo kama tumbaku kwenye kiko. Mvua iliyofuata, hata lile tone lililokuwa likipita halikupita. Gata likafurika kama beseni, upande wote ukamwagikia ukutani. Hakuna watu wengine duniani wangefanya upuuzi huo, kusafisha gata kwa kuliogopa.

Lakini siku hiyo ya ufito niliona jambo. Kile kishikizo cha bati kinachofunga paipu ukutani, kile cha juu, kilikuwa kimeng'oka upande mmoja. Paipu ilikuwa inaning'inia. Upepo ukija inasukumwa, inagonga ukuta: ko. Upepo ukitulia inangoja. Ndiyo hiyo tu. Hapakuwa na mtu. Nilisimama nikaitazama mpaka shingo ikauma, nikiwa na jibu la kitu kilichokuwa kinanikosesha raha muda wote huo, na sikumwambia Mama. Ningemwambia nini? Kwamba yule anayemchemshia chai ni kishikizo?

Na cha kushangaza ni kwamba kujua hakukunisaidia. Siku moja nilibaki peke yangu nyumbani, Mama ameenda kanisani na mtoto yuko shule. Upepo ukaja. Ko. Kimya. Ko, ko. Mimi nilikuwa nakata kola, makasi mkononi, na nikajisikia nasema kwa sauti, bila kufikiri, "Ni wapi pamejaa, Baba?" Halafu nikangoja. Nawaambia kweli, nilingoja jibu. Paipu ikagonga mara moja, polepole. Niliacha makasi palepale nikatoka mpaka barabarani nikasimama kati ya watu. Nilijua ule ugonjwa umenishika na mimi.

Nikatafuta fundi. Nilisema liwe liwalo, mwanamume wa kazi ni mwanamume wa kazi. Alikuja asubuhi na ngazi yake begani na vifaa kwenye gunia, mtu mpole, akasalimia vizuri. Mama alivuta kiti akakaa mbele ya ile kona, akaweka mikono mapajani. "Karibu, mwanangu. Nyumbani ni wapi?" Fundi akasema Mbale, kulekule kwetu magharibi. Mimi nikajua tumekwisha. "Basi wewe si mtoto," Mama akasema. "Mwenye hii nyumba ametoka. Wewe unapanda juu yake kama nani?" Fundi alinigeukia kana kwamba nimemtuma kuiba. Akachukua ngazi yake. "Dada, nisamehe, mimi hiyo siwezi," akasema, na hata chai hakunywa. Nilimfuata mpaka nje nikimwambia aache ushamba. Aliendelea tu kutembea.

Hapo nilimchukia Mama. Kwa siku kadhaa nilimjibu kwa neno moja moja. Nilikuwa nalala nikisikiliza ukuta wake kutoka chumba changu, na hofu yangu ilikuwa moja tu: kwamba ule ukuta utamwangukia mama yangu akiwa amelala kando ya mto wa mtu asiyekuwepo, na mimi nitakuwa nimewapoteza wote wawili kwa ajili ya majani ya grevilea.

Aprili ikafika na mvua yake isiyo na adabu. Alasiri hiyo mwanangu alikuwa mezani na kazi ya shule, mimi natoa nyuzi kwenye sketi, Mama amejilaza kidogo kwa sababu mguu ulikuwa unamuuma. Mvua ilipiga mabati mpaka tukawa tunasemezana kwa mikono. Ilipoanza kupungua, tukasikia kishindo. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama gunia la mahindi limetuliwa chini na mtu aliyechoka. Mwanangu aliniangalia. "Ni Babu?" akauliza.

Nilikimbia. Plasta ilikuwa imeachana na ukuta kutoka darini mpaka usawa wa kitanda, na udongo umeifuata. Lundo zima lilikuwa upande wa Baba. Mto hauonekani. Fito za ukuta zimetokeza nje. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nywele na mapaja yote matope, mzima, mkono wake mmoja umelala juu ya lile lundo.

"Ingemwangukia," akasema.

"Ingemwangukia nani?" Nilipiga kelele. "Mama! Ingemwangukia nani? Nani yuko hapo?"

Alianza kuufukua mto kwa vidole.

"Nitakuambia nani. Jana mwanangu alilala hapohapo na homa yake. Wewe mwenyewe ulimlaza, ukamfunika. Ingekuwa jana, Mama, tungekuwa tunachimbua mtoto."

Aliutazama mkono wake juu ya ule udongo. Akauondoa. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na kalamu yake ya risasi, na mimi sikutaka kuona zaidi. Nikatoka nje.

Ngazi ya Baba ilikuwa imelazwa nyuma ya jiko, imeota kuvu. Niliiburuta kwenye matope nikaisimamisha kwenye ile kona. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Nikajifunga leso kiunoni, nikachomeka humo panga, waya na koleo, nikakanyaga kidato cha kwanza.

"Shuka." Mama alikuwa amenifuata.

"Sishuki."

"Ukiweka mguu juu ya hayo mabati umemwua baba yako. Unanisikia? Hakuna mwingine aliyemwua. Ni wewe."

"Basi nimemwua," nikasema, na nikalia wakati nasema. "Sitakuzika wewe kwa ajili yake, Mama. Yeye siwezi kumsaidia. Wewe naweza."

Nikapanda. Ardhi ilikuwa laini, mguu mmoja wa ngazi ukaanza kuzama, ngazi yote ikayumba kushoto na mimi nikakumbatia hewa. Nikajua naanguka. Halafu ngazi ikatulia. Ikasimama imara kabisa, kama imepandwa. Nilipotazama chini niliona kichwa cha Mama. Alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili, paji la uso limeegemea kidato, miguu imetanuliwa kwenye matope, jinsi alivyokuwa akisimama kila Februari. Hakunitazama. Wala mimi sikusema kitu, niliogopa kwamba nikisema ataachilia.

Kule juu kulikuwa na baridi na harufu ya kitu kilichokufa zamani kikasahaulika. Niliingiza mkono kwenye gata ukazama mpaka kiwiko. Majani meusi, mizizi, minyoo, kiota chenye mifupa ya kindege. Nilipita juu ya mabati nikaanzia mbali na paipu nikiijia, nachota natupa, nachota natupa. Karibu na katikati nilifuta matope kwa kiganja nikafika kwenye kiungio, pale vipande viwili vya bati vinapokutana. Baba alikuwa ameziba pale kwa lami. Na kwenye ile lami, imekauka ngumu kama jiwe, kulikuwa na kidole gumba chake. Alama mbili, tatu, pembeni kwa pembeni, pale alipoikandamiza ilipokuwa laini. Mistari ya ngozi yake yote ilionekana, na lile kovu la panga alilokuwa nalo tangu ujana. Niliweka kidole changu ndani ya chake. Kilikuwa kikubwa kuliko changu. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Najua tu kwamba nilikuwa nimeingia mochari zote zile nikimtafuta, na mara ya kwanza kumgusa ilikuwa pale.

"Baba," nikasema.

Chini Mama, bila kuinua kichwa, akasema, "Igonge."

Nikarudi kwenye ngazi, nikachomoa panga kiunoni nikaigonga paipu kwa mpini, kutoka juu.

"Shuka kidogo," akasema. "Tena. Hapana, hapo ni wazi. Shuka. Hapo. Hapo ndipo pamejaa." Sauti yake ilikuwa ya kazi, kavu, kama mtu anayeelekeza mboga zikatwe vipi. Kisha akainama, akaikwamua paipu kwenye tangi kwa mkono mmoja, wa pili haujaachia ngazi.

Nilipitisha waya kwenye tundu, nikasukuma, nikavuta, nikasukuma kwa hasira zangu zote. Kitu kikasogea. Kikakwama. Kikaachia. Maji ya gata yote yakaingia paipuni kwa mshindo, yakatoka chini meusi, yakamwagikia miguu ya Mama, yakaendelea kutoka mpaka yakawa kahawia, kisha meupe. Nikachukua kipande cha waya nikafunga kishikizo cha juu, nikakaza kwa koleo, mara mbili, mpaka paipu haikutikisika hata nilipoisukuma kwa mguu. Nilijua ninafunga nini. Mama alikuwa ameinua kichwa na ananitazama nikifunga, na hakuniambia niache.

Nilipomaliza nilimwambia, "Mama, naja chini." Lakini alikuwa ameshaachilia ngazi. Alitembea mpaka katikati ya ua, viatu vimejaa maji. Akafungua kile kitambaa chake cheupe, akakiangusha. Akaweka mikono miwili kichwani. Na akatoa ule ukemi, ule wa kwetu, unaoanzia tumboni na kuvuka maboma, ambao mwanamke huutoa mara moja mumewe akikata roho na hautoi kwa ajili ya kitu kingine. Sijawahi kusikia sauti hiyo ikitoka kwa mama yangu. Ilikuwa imekaa ndani yake muda wote huo, na nadhani ilikuwa imekua.

Lango lilifunguliwa kabla hajavuta pumzi ya pili. Wanawake wa ploti ya nyuma walikuja mbio peku. Mafundi wa welding kando ya barabara waliacha mashine zao, wakaingia wamevua kofia. Mama wa duka alikuja na unga mikononi, akamshika mabega, akamtafuta macho.

"Ni nani, Mama? Ni nani amekufa?"

"Mume wangu."

Yule mama alitazama nyumba. Akatazama ngazi, akanitazama mimi kule juu, matope mpaka viwikoni. Hakuuliza tena lini wala wapi. Lakini mwingine, mgeni katika mtaa, aliuliza kwa upole, "Pole sana, Mama. Amefariki lini?"

"Leo," Mama akasema. "Amekufa leo."

Wakamkalisha palepale chini kwenye maji, wakakaa naye, wakaanza kulia. Nikashuka ngazi, nikaenda kumlilia baba yangu pamoja nao.